Naomba ushauri: kilele cha platinamu kimeshuka na muhtasari unatakiwa Ijumaa

Mwanzilishi: Wakuu, ninasoma uzamili nchini Uholanzi. Kazi yangu ni kukunja waya wa platinamu uliochongwa katikati, ndani ya ombwe na katika baridi ya kelvini 4.2 (karibu nyuzi 269 chini ya sifuri), hadi ubaki umeshikwa na atomu moja kabla ya kukatika. Platinamu safi hutoa kilele, yaani thamani inayojirudia zaidi katika vipimo, karibu na vizio 1.5 vya kwanta vya upitishaji umeme (kipimo cha jinsi umeme unavyopita kwenye njia nyembamba kama atomu), lakini changu kimeng'ang'ania kwenye 1 kwa siku mbili. Je, niandike kwamba nimepata mpangilio mpya wa atomu?

Mama Maabara: Mwanangu, mna gesi gani humo?

Mwanzilishi: Sikuingiza gesi yoyote.

Fundi Chuma: Mimi ni mchomeleaji. Vijiti vikiwa na unyevu, hidrojeni huingia kwenye chuma, na kiungo ulichokisifu jioni unakikuta asubuhi kina ufa. Tangu hapo huvikausha kwanza.

Mama Maabara: Wewe hukuingiza, na mwenzako je?

Mwanzilishi: Wiki iliyopita alipitisha hidrojeni kwenye bomba lilelile la gesi linaloingia kwenye kifaa changu. Hata hivyo tulivuta pampu usiku kucha, na msimamizi nimekwisha kumwandikia kuwa ni mpangilio mpya.

Mzee wa Busara: Umetangaza mtoto kabla mimba haijathibitishwa. Mrudie msimamizi wako umweleze yote.

Mdadisi: Kisa hiki kimetungwa. Kilele cha 1 kwa platinamu yenye hidrojeni kilichapishwa na watafiti wa Leiden, hukohuko Uholanzi, mwaka 2002. Tena katika baridi hiyo hidrojeni huganda ukutani. Ingefikaje kwenye waya?

Mwanzilishi: Sijatunga, ndugu yangu. Nikipandisha volti kidogo, 1.5 hurudi, kisha baada ya dakika chache hushuka tena. Hilo sikulisema kwa sababu lilinitia hofu.

Mama Maabara: Hidrojeni iliyoganda bado hutoa mvuke kidogo katika kelvini 4.2, na molekuli moja ikikaa kati ya ncha mbili inatosha. Mdadisi, mtu anayetunga asingekumbuka kueleza kilele kinachorudi. Mwanangu, pasha bomba lote huku ukivuta pampu, kisha ingiza deuteriamu, yaani hidrojeni nzito: kwa kuwa uzito wake ni maradufu ya hidrojeni ya kawaida, masafa ya mtetemo wa molekuli yatapungua karibu mara 1.4. Kama ni platinamu peke yake, mtetemo hautajali gesi uliyobadilisha.

Mwanzilishi: Nimeomba mtungi wa deuteriamu. Barua ya pili kwa msimamizi ninaiandika usiku huu, na bomba la mwenzangu nimelitaja katika sentensi ya kwanza.