Mhusika wangu ana wanaume watatu na wasomaji wanamwita malaya: nimpunguzie?

Kalamu_RangiTatu
Wakuu, naomba ushauri kwa wanaoandika na kuhariri simulizi za mapenzi. Yangu inatoka Jumatatu na Alhamisi kwenye kundi la WhatsApp. Mhusika mkuu ni Zaituni, miaka 27, ameachika, anauza vitenge Kariakoo, Mtaa wa Kongo. Wanaume ni Idrisa aliyemwacha, Hamadi jirani yake wa Mbagala aliyeleta barua ya posa, na Kelvin, mteja anayetoka Morogoro kufuata mzigo. Hakuna alipolala na Hamadi wala Kelvin. Tumefika sehemu ya 14 na maoni ni matusi matupu: hajatulia, mapepe, malaya. Hamadi ana mke Lindi na hakuna msomaji aliyemtukana yeye! Nimtoe Kelvin?

Mhariri_Temeke
Usimtoe mtu bado. Jua kwanza kama kosa ni la maandishi au la msomaji. Chukua sehemu tatu zinazotukanwa zaidi, Zaituni mgeuze Zuberi na wale wanaume wawe wanawake. Kiswahili kinarahisisha kazi hii, maana “alimpenda” haisemi nani mume nani mke. Utabadilisha majina, kuoa na kuolewa, mavazi, basi. Wape watu watano wasioijua hadithi, usiwaambie unapima nini, uliza swali moja: huyu mtu amemkosea nani, na wapi?

Wakisema hajamkosea mtu, matusi yanatokana na uanamke wake, na kumwondoa Kelvin hakutayazima. Watamtukana kwa wawili waliobaki. Wakikuonyesha mahali, mfano kampa mtu ahadi Jumamosi na Jumapili kaenda kuonana na mwingine kimyakimya, hilo ni kosa la mhusika na msomaji ana haki ya kuliona. Mhusika kukosea si kasoro ya hadithi. Kasoro ni mwandishi kutoliona.

Kisha pitia vitenzi vyako. Hamadi “alimfuata”, Kelvin “alivutiwa”, Zaituni “alijirahisisha”. Jambo ni lilelile ila msimulizi ameshatoa hukumu. Neno kama hilo mpe mama mwenye nyumba au shoga yake aliseme, ijulikane ni nani anayehukumu.

Pantoni
Tatizo jingine ni la simulizi za vipande. Jumatatu anacheka na Hamadi, Alhamisi anapokea simu ya Kelvin. Ndani ya hadithi imepita miezi mitano, kwa msomaji ni siku tatu. Wakati uweke kwenye sentensi ya kwanza ya kila sehemu: “Masika yaliisha, na Hamadi hakuwa amepiga simu tangu mwezi wa pili.” Na arosto zako, zile hamu unazomwachia msomaji mwisho wa kila sehemu, usizifunge kila mara kwa mwanaume kubisha hodi. Zikifuatana nne za hivyo, msomaji anaanza kuhesabu wanaume. Funga kwa kodi ya fremu inayodaiwa, au mzigo uliokwama njiani.

Binti_Ilala
Mimi ningeanza na kalenda. Zaituni ni Mwislamu aliyeachika, na wasomaji wako wanaijua eda hata usipoiandika: hedhi tatu kwa aliyeachwa, miezi minne na siku kumi kwa aliyefiwa, mwenye mimba mpaka ajifungue. Talaka ya Idrisa ikiwa ya rejea, ndani ya eda anaweza kumrudia mkewe. Barua ya Hamadi ikiingia hapo, msomaji anaona mke wa mtu anaposwa. Umeandika talaka ilitoka lini?

Na barua kufika si sawa na barua kujibiwa. Kama mshenga bado anasubiri jibu, Zaituni hana mchumba, anaruhusiwa kufikiri. Posa ikishakubaliwa, kuposa juu ya posa ya mwenzako ni haramu, na lawama ya kwanza ni ya Kelvin ikiwa anajua. Sema wazi kama anajua. Chora jedwali la safu tano: sehemu, tarehe, mwanaume, alichoahidiwa, nani anafahamu. Safu ya nne ikiwa tupu kote, huna mwanamke mdanganyifu.

Kuhusu mke wa Lindi: Sheria ya Ndoa ya 1971 inatambua ndoa ya wake wengi, lakini mwanamke aliye kwenye ndoa haruhusiwi kuolewa na mwingine. Mizani hiyo wasomaji wanambebesha hata asiye na mume. Zaituni mwenyewe amuulize Hamadi mkewe anasemaje. Ukinyamaza wewe, nao watanyamaza.

Msomaji_Sinza
Natofautiana kidogo na mhariri. Wasomaji wakali wanaweza kuletwa upande wako mapema. Kezilahabi katika riwaya ya *Rosa Mistika* (1971) alituonyesha kwanza Zakaria akimpiga bintiye Rosa kwa sababu ya barua ya mvulana, wale wanaume wengi wakaja baadaye. Anayemlaumu Rosa analaumu akiwa anajua chanzo. Wewe Zaituni kaja akiwa ameshaachika. Idrisa alimfanya nini? Mpe ukurasa mzima. Pia funika majina kwenye mazungumzo. Usipoweza kutofautisha Hamadi na Kelvin, wote wanaleta pesa na maneno matamu, basi hapo kweli mmoja amezidi.

Halafu Kelvin ni Mkristo? Angalia kama matusi yalianza siku aliyoingia. Inawezekana wanagombana na dini yake.

Kalamu_RangiTatu
Nimekagua. Talaka haina tarehe, barua iko sehemu ya 6, jibu halipo popote. Sehemu 14 zimeshatoka, nazirekebishaje?

Binti_Ilala
Zilizotoka ziache. Sehemu ya 15 mlete mshenga kwa mjomba wa Zaituni, adai jibu lake: “Eda iliisha Rajabu, sisi tumeleta barua Shaabani, mpaka leo kimya.” Mistari miwili imebeba tarehe zote. Kisha Zaituni aitwe ukumbini ajibu mwenyewe, kwa sauti, kabla Kelvin hajatokea tena.