Nasimamia mradi, ila hakuna anayeripoti kwangu

Mleta mada:
Wakuu, nasimamia mradi wa kubadili mfumo wa stoo, ofisi iko Posta. Watu wa kompyuta na uhasibu wana mabosi wao. Mhasibu mmoja wiki ya tatu sasa ananiambia "kesho". Nafanyaje bila kumshtaki?

Jibu:
Acha barua pepe, mfuate mezani. Mimi nilizungushwa hivyo hivyo na dada mmoja wa uhasibu, Kurasini. Nikaenda saa nne, muda wa chai, nikakuta mafaili mpaka kwenye kiti cha wageni. Anafunga hesabu za mwezi. Nikamuuliza, "Dada, nikupunguzie nini?" Kumbe shida ni orodha yetu ya bidhaa, tulimtumia picha za WhatsApp! Nikakesha naichapa kwenye Excel. Keshokutwa yake kazi ikatoka.

Jibu:
Wanasaikolojia French na Raven, mwaka 1959, walitaja vyanzo vitano vya nguvu ya kushawishi watu: cheo, zawadi, adhabu, ujuzi na kukubalika kwa watu. Wewe umebaki na hivyo viwili vya mwisho. Na usije ukamsema kikaoni.

Mleta mada:
Nilishamsema, tena bosi wake yupo. Kesho naanza na samahani, na chapati mbili.