Mrejesho: kolekole sasa wanasogea wenyewe

Wakuu, niliomba ushauri kuhusu uvuvi wa kuzamia kwa kubana pumzi na bunduki ya mshale: kwa nini samaki kama mkizi na kolekole hutawanyika kabla sijawafikia umbali wa kurusha mshale. Jibu lililozaa matunda ni la yule aliyesema niache kuwafukuza, niwavizie. Nashukuru sana.

Sasa nazama taratibu, nalala kifudifudi nyuma ya mwamba, bunduki ya mshale imeshanyooshwa mbele, natulia tuli. Ukisubiri samaki afike ndipo usogeze mkono kulenga, ameshaondoka. Ubavuni ana mstari wa hisia unaopokea mitikisiko ya maji, hivyo pezi moja la mguuni likipiga maji kwa kishindo, kundi zima limepata habari. Kolekole amenifurahisha mno: ni mdadisi, ukijificha bila kumkazia macho anakuja kuchungulia. Mkizi bado mgumu. Huyo nampata kwenye maji mafupi yenye povu la mawimbi, maana povu na kelele vinamficha mwindaji. Kuweka jua mgongoni nako kunasaidia.

Kwa wanaoanza, nawasihi sana: msizame peke yenu. Mmoja akiwa chini, mwenzake abaki juu akimwangalia. Msipumue harakaharaka kabla ya kuzama. Hilo huchelewesha hamu ya kuvuta pumzi na mtu anaweza kuzimia bila dalili. Mkiibuka, pumzikeni angalau mara mbili ya muda mliokaa chini. Mipira ya bunduki, ile inayosukuma mshale, ivutwe mkiwa majini tu.

Na ulizieni sheria kwanza, kwa sababu kuna sehemu uvuvi huu umepigwa marufuku.