Re: Re: AF – kliniki ya GP imegoma kutoa apixaban ya miezi sita

Mpwa, Reading:
Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za leo. Naomba msaada kabla ya Ijumaa. Mjomba ana miaka 71, ana AF (mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio), anatumia apixaban 5 mg ya kuzuia damu kuganda, asubuhi na jioni, pamoja na bisoprolol 2.5 mg. Mwezi wa kumi na moja anakwenda Tanga, atakaa miezi sita. Kliniki imesema haitoi dawa za muda huo, na mapokezi wameongeza kwamba huenda wakamwondoa kwenye orodha ya wagonjwa wao. Barua hawajatoa, wamesema kwa mdomo tu. Je, hilo ni sheria au ni uamuzi wa mtu wa mapokezi? Na tukitaka maelezo hayo kwa maandishi, wanatakiwa wajibu ndani ya muda gani? Jambo la pili: kuna mtu kamshauri aache apixaban akiwa huko, atumie magnesiamu, mafuta ya samaki na mlonge.

Mfamasia, Luton:
Mpwa, hilo la mwisho nalijibu kwanza: asiache. AF huongeza hatari ya kiharusi takriban mara tano, na dawa ya kuzuia damu kuganda hupunguza hatari hiyo kwa karibu theluthi mbili. Bisoprolol inapunguza kasi ya mapigo tu, haizuii donge la damu. Magnesiamu haizuii donge. Aspirini nayo haitoshi, ndiyo maana mwongozo wa 2021 wa NICE (wanaotoa miongozo ya tiba England), NG196, unakataza kuitoa peke yake kwa ajili ya kuzuia kiharusi cha AF. Apixaban hukaa mwilini muda mfupi. Siku mbili bila kidonge, kinga imeisha.

Kuhusu sheria: ipo. Anayetoka nchini kwa zaidi ya miezi mitatu, NHS (huduma ya afya ya taifa hapa Uingereza) humpa dawa za kumfikisha aendako na kumpa nafasi ya kupata nyingine huko, si za safari nzima. Na ndiyo, kliniki inaweza kumwondoa kwenye orodha. Mnachoweza kuomba ni cheti cha dawa cha kulipia. Ombeni kwa maandishi, mkitaja hesabu: vidonge 2 × siku 182 = 364. Boksi lina vidonge 56, yaani siku 28, kwa hiyo maboksi saba. Daktari anaweza kutoza kuandika cheti hicho, na bei ya vidonge hutofautiana sana kati ya duka na duka. Pigeni simu maduka matatu au manne kabla ya kununua, mkiuliza ile isiyo na jina la kampuni.

Kabla ya cheti, apimwe figo, damu kamili na uzito. Daktari asiyejua kreatini (kipimo cha figo) ya mzee ya karibuni ana haki ya kukataa kuandika dawa za miezi sita.

Mama wa Leicester:
Mwangalie sana lile karatasi la kijani la dawa! Watu wanatia tiki "nina msamaha wa kiafya" kwa sababu wana ugonjwa wa moyo, halafu inakuja PCN, yaani notisi ya faini. Unadaiwa bei ya dawa na faini ya hadi mara tano yake, mwisho £100, na usipolipa ndani ya siku 28 inaweza kuongezwa nyingine ya hadi £50 juu yake. AF haimo kwenye orodha ya FP92A, fomu ya kuomba msamaha huo. Kisukari kinachotibiwa kwa dawa kimo, kifafa kimo, saratani imo, moyo haumo.

Mfamasia, Luton:
Mama, kwa heshima, mjomba ana miaka 71. England kuanzia miaka 60 ni bure, na Uskoti, Wales na Ireland Kaskazini ni bure kwa wote. PCN haimhusu, na cheti cha kulipia hakina uhusiano na msamaha wowote. Lakini kwa walio chini ya 60 mmegusa jambo la maana. Dawa moja ni £9.90, PPC ya mwaka (cheti cha kulipia dawa zako zote kwa pamoja) ni £114.50, na unaweza kuilipa kwa mafungu kumi. Mwenye apixaban na bisoprolol kila mwezi angelipa £237.60. PPC inajilipa kuanzia dawa ya kumi na mbili. Wa kipato cha chini wajaze kwanza HC1, fomu ya kuomba msaada wa gharama za afya.

Na kuna njia ya FP92A ambayo wengi hawaambiwi: amiodarone, dawa ya kutuliza mapigo, huweza kuua nguvu ya tezi ya shingo. Ukianza levothyroxine (homoni ya tezi) kwa sababu hiyo, upungufu huo wa tezi umo kwenye orodha, na cheti kikitoka kinafunika dawa zako zote, za moyo pia.

Mzee wa Barking:
Nyie mnatetea vidonge vya viwandani tu. Magnesiamu ni madini ya mwili. Mafuta ya samaki yanajulikana dunia nzima kuwa ni dawa ya moyo. Mlonge bibi zetu walikula, hawakuwa na AF.

Muuguzi wa kliniki ya moyo, Birmingham:
Mzee wangu, shikamoo. Bibi zetu hawakupimwa ECG (kipimo cha umeme wa moyo), kwa hiyo hatuwezi kusema hawakuwa nayo. Wengi walipata kiharusi, tukasema ni shinikizo au ni watu.

Mafuta ya samaki ndiyo yanayonitia wasiwasi zaidi, maana watu wanayanunua kwa sababu ya moyo. Kwa AF mambo ni kinyume. Majaribio makubwa, REDUCE-IT na STRENGTH, yalitumia gramu 4 kwa siku, na waliopewa omega-3 walipata AF zaidi ya wenzao. Uchambuzi uliounganisha majaribio kadhaa mwaka 2021 ulikuta ongezeko la hatari la takriban asilimia 49 kwa wanaozidi gramu 1 kwa siku, na asilimia 12 kwa gramu 1 au chini. Someni nyuma ya chupa: "mafuta ya samaki 1000 mg" si omega-3 1000 mg. Jumlisheni EPA na DHA, ambazo ndizo omega-3 yenyewe, hapo ndipo mtaijua dozi yenu halisi. Samaki mwenyewe kwenye sahani, kuleni. Vitamini D nayo ilijaribiwa pamoja na omega-3 katika jaribio la VITAL, na haikuzuia AF.

Magnesiamu ina kazi pale tu iliposhuka. Inashushwa na dawa za kukojoa kama furosemide, omeprazole ya muda mrefu, pombe, na kuharisha. Pimeni kwanza. Kama figo ni nzima, 400 mg au chini kwa siku kwa kawaida haidhuru, ila ya oksidi inaharisha. Kuharisha kunashusha potasiamu, na potasiamu ikishuka mapigo yanavurugika tena. Figo zikiwa dhaifu, magnesiamu inajikusanya mwilini na kushusha mapigo na presha, na mzee tayari ana bisoprolol. Chumvi ya "kupunguza sodiamu" nayo ni potasiamu. Mwenye ramipril au spironolactone (dawa za presha na moyo) asiiguse bila kipimo.

Mlonge: kwa mwenye warfarin, ile dawa ya zamani ya kuzuia damu kuganda, unga wa majani makavu uchukulieni kama kisamvu, mchicha na sukuma wiki, vyote vina vitamini K. Si lazima kuviacha. Jambo ni kula kiasi kilekile kila wiki, maana INR, kipimo cha damu inavyoganda (lengo ni 2 hadi 3), inayumba ukila bakuli leo na kuacha wiki mbili. Apixaban haijali mboga. Inachojali ni dawa ya mitishamba ya St John's wort, rifampicin ya TB, na dawa za kifafa kama carbamazepine na phenytoin. Zote hizo huishusha kwenye damu, na mgonjwa hahisi chochote mpaka donge lifike.

Dereva, Milton Keynes:
Samahani kuingilia. DVLA, watu wa leseni za udereva, wanasemaje? Nina leseni ya lori.

Muuguzi, Birmingham:
Kaka, leseni ya gari dogo: unawaarifu kama mapigo yanakupa dalili za kukuvuruga au kukuangusha, kwa fomu H1. Kama AF imewahi kukuzimisha, huendeshi mpaka chanzo kijulikane na mapigo yatulie angalau wiki nne. Lori na basi: fomu ni VOCH1, miezi mitatu ya utulivu badala ya wiki nne, na kipimo cha nguvu ya moyo kisipungue asilimia 40. Kutoarifu panapotakiwa ni faini ya hadi £1,000. Apixaban yenyewe haikunyimi leseni.

Mama wa Leicester:
Mimi niliambiwa kila mwenye AF lazima aarifu.

Muuguzi, Birmingham:
Si kweli kwa gari dogo, mama. Dalili ndizo zinazoamua. Tusiwatie watu hofu wakaacha kwenda hospitali.

Binti wa Mvita, Cardiff:
Assalaam aleikum. Mjomba akikaa miezi sita, Ramadhani itamkuta huko, na hili halijatajwa. Apixaban inaingia vizuri: moja daku, moja futari. Wenye dawa nyingine za kundi hilo: rivaroxaban 20 mg au 15 mg lazima iwe na chakula cha kutosha, bila chakula mwili hauichukui yote. Kwa hiyo ni futari, na si kwa tende moja na maji. Na dabigatran, tafadhali, msiihamishe kwenye kile kiboksi cha siku saba. Unyevu unaiharibu. Kwenye joto la pwani, ibaki kwenye pakiti yake hadi dakika ya kumeza, na kapsuli isifunguliwe.

Ya kahawa tungu mwacheni mzee. Kahawa ya kawaida haijathibitika kuamsha AF kwa watu wengi, na kikombe kidogo cha barazani baada ya magharibi ni nusu ya sababu ya kwenda nyumbani. Hapa Cardiff nani atamuuliza habari za jana? Mirungi ndiyo hapana, inapandisha mapigo na presha.

Mzee wa Barking:
Mirungi waliipiga marufuku Uingereza Juni 2014, wakulima wa Meru wakaumia, pombe inauzwa kila kona.

Muuguzi, Birmingham:
Pombe kwa AF ni mbaya kweli, mzee, hapo tuko pamoja. Kuipunguza au kuiacha, kupunguza asilimia 10 ya uzito kwa mwenye unene, na kutibu kukosa pumzi usingizini vinapunguza mashambulizi kuliko chupa yoyote ya dukani.

Wa Unguja, London:
Akipitia Zanzibar, tangu 1 Oktoba 2024 mgeni analipia bima ya dola 44. Mwenye pasipoti ya Uingereza ni mgeni, hata kama kitovu chake kimezikwa Mkunazini. Wakenya wana uraia pacha tangu katiba ya 2010, sisi bado tunaomba. Bima hiyo haifuti ile ya safari: AF itajwe, vipimo vinavyosubiriwa vitajwe, na dozi iliyobadilishwa karibuni itajwe. Usipotaja, hawalipi. GHIC, ile kadi ya matibabu ya Ulaya, haifanyi kazi Afrika Mashariki.

Binti wa Mvita, Cardiff:
Uraia pacha Mombasa haujatupa kitanda cha ICU, ndugu yangu.

Mfamasia, Luton:
Naomba turudi kwenye dawa, kuna hatari ambayo haijasemwa. Dawa ikiisha Tanga, duka likikosa apixaban likatoa rivaroxaban, dozi si ileile. Hesabu ya nguvu ya figo kwa mwanaume: 140 toa umri, zidisha kwa kilo, zidisha kwa 1.23, gawa kwa kreatini. Miaka 71, kilo 68, kreatini 118 inatoa 49. Kwa namba hiyo apixaban inabaki 5 mg mara mbili, lakini rivaroxaban inashuka hadi 15 mg, maana mpaka wake ni 50. Apixaban inashuka hadi 2.5 mg akiwa na mawili kati ya matatu: miaka 80 au zaidi, kilo 60 au chini, kreatini 133 au zaidi. Figo zikishuka chini ya 30 pia inashuka. Andikeni uzito na kreatini kwenye karatasi, ikae na pasipoti.

Kijana wa Bukavu, Glasgow:
Kwetu wengi wana valvu iliyoharibiwa na homa ya baridi yabisi ya utotoni. Nao wapewe apixaban?

Muuguzi, Birmingham:
Swali zuri. Kama valvu ya mitrali imebana kiasi cha kati au sana, au amewekewa valvu ya chuma, ni warfarin. Jaribio la INVICTUS la 2022 lililinganisha rivaroxaban na kundi la warfarin kwa wagonjwa wa valvu za baridi yabisi wenye AF, na kundi la warfarin likafanya vizuri zaidi, hata kwenye vifo. Asiyewahi kupigwa ECHO (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) apigwe kabla ya kubadilishiwa dawa. Dar, JKCI, taasisi ya moyo pale Muhimbili, wanafanya.

Kwa mjomba akiwa nyumbani, mambo mawili yanaleta madhara haraka. Mgongo ukiuma, duka la dawa litampa diclofenac, au zahanati itamchoma sindano yake. Pamoja na apixaban ni kutokwa damu tumboni, na sindano ya msuli inaacha uvimbe wa damu. Aombe paracetamol. Homa ikija apimwe malaria kwanza, aseme "nina AF" kabla ya kupewa mseto. Karatasi ya artemether-lumefantrine, ndiyo hiyo mseto, inakataza kwa mwenye historia ya mapigo yaliyovurugika na kumletea dalili, na inakataza pamoja na dawa za mapigo za flecainide au amiodarone, kwa hiyo daktari ndiye achague. Kinga ya malaria anunue hapa. Wa warfarin wajue kwamba Malarone, mojawapo ya dawa za kinga hiyo, inaweza kupandisha INR.

Akisahau kidonge cha apixaban: zikibaki zaidi ya saa 6 kufika kinachofuata, ameze mara moja. Zikibaki pungufu, aruke. Asimeze viwili pamoja. Tofauti ya saa tatu na Tanga asiumize kichwa, asogeze saa moja kila siku. Akianguka na kujigonga kichwa, hata akijisikia mzima, ni hospitali siku hiyohiyo.

Mama wa Leicester:
Na mashine ya presha ya nyumbani?

Muuguzi, Birmingham:
Kwa AF inadanganya ikipimwa mara moja. Pima tatu, dakika moja katikati, chukua wastani. Mapigo uyahesabu kwa vidole sekunde 60 kamili, si 15 mara nne.