Viwavijeshi vamizi wa mahindi wanasomeka "aina ya mpunga": sampuli zina kasoro au ndivyo walivyo?

BintiMombo:
Wakuu salaam. Tuna viwavijeshi vamizi (Spodoptera frugiperda) waliookotwa kwenye mahindi Handeni, Korogwe na Lushoto, 12 kila wilaya. Kimesomwa kipande cha COI peke yake, jeni inayotumika kutofautisha aina mbili za mdudu huyu, ya mahindi na ya mpunga. Karibu wote wameangukia aina ya mpunga, ilhali kwenye majaruba ya Mombo mpunga hauna dalili ya kuliwa. Tena haplotaipu (matoleo ya mfuatano wa DNA) ni mbili tu kwa wilaya zote tatu. Je, naweza kuandika kwamba Tanga tuna aina ya mpunga? Na uhaba huu wa utofauti wa vinasaba ndio unaofanya dawa ikubali shamba hili na kugoma shamba la jirani? Masika yakianza tunarudia ukusanyaji, kwa hiyo nielekezeni hata namna ya kuokota.

NondoWaUsiku:
Salaam dada. Usomaji hauna neno, ila hilo jina "aina ya mpunga" usiliandike kwa ushahidi wa COI pekee.

COI imo kwenye mitokondria, na mitokondria hurithiwa kwa mama tu. Kwa nondo, kromosomu za jinsia ni ZW kwa jike na ZZ kwa dume. Jike wa aina ya mpunga akipandwa na dume wa aina ya mahindi, na mabinti zake nao wakapandwa na madume ya mahindi, vizazi vichache baadaye kiini cha seli karibu chote ni cha mahindi, lakini COI bado inamtaja bibi yao. Ndivyo ilivyo sehemu kubwa ya Afrika tangu mdudu huyu athibitishwe Afrika Magharibi na Kati mwaka 2016: COI ya mpunga imejaa, alama za kromosomu Z ni za mahindi, na kinacholiwa shambani ni mahindi. Majaruba ya Mombo kuwa salama hakupingani na matokeo yako hata kidogo.

Ongeza jeni ya Tpi iliyo kwenye Z. Soma eksoni (kipande cha jeni) ya 4, nafasi ya 183: C ni mahindi, T ni mpunga. Kila kiwavi mwandikie alama zote mbili, COI na Tpi, kisha uhesabu makundi manne. Jedwali hilo ndilo lenye habari.

Kuhusu haplotaipu mbili: ni jambo la kawaida kwa mdudu aliyevuka bahari. Zile za aina ya mahindi zilizokutwa Afrika zinashabihiana na za Florida na Karibea. Ila usiseme "wadudu wa Tanga wana utofauti mdogo wa vinasaba". Sema utofauti mdogo wa COI. Mitokondria yote ni kama jeni moja, hairudii kuchanganyika. Kiini kinaweza kuwa na utofauti mwingi ambao COI haiuoni. Tafiti za jenomu nzima zimetilia shaka hata ile dhana kwamba mdudu huyu aliingia mara moja tu na kusambaa.

Halafu 12 kwa wilaya ni wachache mno. Haplotaipu iliyo kwa asilimia 5 ya viwavi, ukiokota 12 una uwezekano wa 0.95 kwa kipeo cha 12, yaani asilimia 54, wa kutoiona kabisa. Ili uwezekano huo ushuke chini ya asilimia 5 unahitaji viwavi 59. Kama bajeti haitoshi wilaya tatu, chagua mbili na uzifanye vizuri.

FundiJeli:
Hao 59 wawe hawana undugu. Jike hutaga fungu la mayai 100 hadi 200 mahali pamoja, na viwavi wachanga hupeperushwa na uzi wao hadi mimea ya jirani. Ukiokota watano kwenye mstari mmoja huenda umesoma mama mmoja mara tano. Kiwavi mmoja kwa mhindi mmoja, ruka angalau mita 10, na shamba moja lisitoe zaidi ya watano au sita.

Hakikisha ni yeye: Y iliyopinduliwa kwenye paji la uso, na madoa manne yaliyokaa mraba kwenye pingili ya pili kutoka mwisho. Kwenye ukoka na mpunga kuwa makini zaidi, kwa sababu kiwavijeshi wa Afrika (S. exempta) naye hula hapo hapo.

Kuhifadhi: ethanoli ya asilimia 96, ujazo mara kumi ya mdudu. Spiriti ya 70 ya duka la dawa inaacha maji mengi mwilini na DNA inakatikakatika. Formalini ndiyo usiiguse. Kiwavi mkubwa mtoboe ubavuni kwa pini, la sivyo ethanoli haimfikii katikati akaoza ukiwa bado njiani. Baada ya saa 24 mwaga, weka mpya. Lebo ni kwa penseli, kwenye karatasi iliyo ndani ya kichupa, kwa sababu wino wa kalamu unayeyuka. Kabla ya kupanda basi la Handeni kwenda Tanga, mwaga ethanoli ibaki unyevu tu, maana inawaka. Ijaze tena ukifika.

Ukikosa hela ya kusoma mfuatano kwa wote, COI inatenganishwa kwa kimeng'enya. Praima (vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia kunakili) JM76 na JM77 zinatoa kipande cha bezi 569. Kimeng'enya MspI hukikata cha aina ya mahindi kuwa 497 na 72, cha mpunga hakikatwi. Sasa hapa wengi huteleza: kutokatwa kunaweza pia kuwa kimeng'enya kilichokufa kwenye friji. Weka kiwavi unayejua ni COI ya mahindi kwenye kila jeli (inayotenganisha vipande kwa ukubwa), na wale wasiokatwa wathibitishe kwa SacI, ambayo hukata cha mpunga.

BintiMombo:
Asanteni sana. Swali dogo: Tpi ilijaribiwa kwa viwavi wanne, wawili wakatoa vilele viwili kwenye chati ya usomaji, C na T pamoja, pale 183. Hao ni machotara?

FundiJeli:
Usikimbilie huko. Dume ana Z mbili, kwa hiyo anaweza kubeba C na T. Jike ana Z moja, vilele viwili kwake ni uchafu. Na uchafu huo mara nyingi unatoka tumboni: viwavi hawa hulana, na ukiwaweka wengi kwenye kopo moja wanaanza kutafunana kabla hujafika maabara. Ukisaga mwili mzima unasoma aliyekula pamoja na aliyeliwa. Tumia kichwa na kifua tu, utumbo uutoe, na kila mmoja awe na kichupa chake tangu shambani. Ukitaka jibu lisilo na utata, tega mitego ya feromoni (harufu ya jike): wanaonaswa ni madume watupu, chukua miguu yao kutoa DNA.

Ukoka_Handeni:
Hilo la dawa, COI haiwezi kulijibu, haihusiani na usugu. Jeni ya kuangalia ni ace-1: mabadiliko ya A201S na F290V yamekutwa kwa viwavi hawa nje ya Amerika, nayo hupunguza nguvu ya dawa za jamii ya profenofosi na klorpirifosi.

Lakini kabla ya jeni, nenda kwenye hayo mashamba mawili upasue moyo wa mhindi. Kiwavi akizidi sentimita moja na nusu anakaa chini ya kinyesi chake kilichoziba kama unga wa mbao mbichi, na dawa inayomwagwa juu ya majani saa sita mchana haimfikii, iwe ni emamektini au nyingine. Uliza ukubwa wa viwavi siku ya kupulizia, saa, na vipimo vilivyowekwa kwenye bomba la lita 16. Vikilingana na bado dawa inagoma, ndipo ufanye jaribio: vipande vya jani vilivyochovywa kwenye dawa kwa sekunde 10 na kukaushwa, kiwavi mdogo mmoja kwa kila kikombe, hesabu baada ya saa 48 na 72. Vikombe vyenye jani lililochovywa kwenye maji matupu viwepo, vya kulinganishia. Viwavi wa maji wakifa zaidi ya asilimia 20, tupa jaribio lote uanze upya.