Tupeane uzoefu: kufunga pistoni mpya katika mashine ndogo ya mapigo mawili

Mwanzisha mada, Mwambani, Tanga

Assalamu alaykum wenzangu, na habari za kazi. Naomba kila aliyewahi kufunga pistoni mpya katika mashine ya mapigo mawili, yaani ile inayotumia petroli iliyochanganywa na oili, atueleze kisa chake mwenyewe, awe fundi, mvuvi au mkulima, na hasa atueleze aligundua nini kuhusu kilichoiua pistoni ya zamani. Nasisitiza jambo hilo la mwisho kwa sababu mimi nililipia pistoni mbili kwa ugonjwa mmoja.

Mashine yangu ni ya boti, nguvu farasi 15, silinda mbili. Ilinoki, yaani pistoni ilinasa ndani ya silinda, tukiwa tunarudi kutoka kuvua, Kisiwa cha Toten tumeshakiona mbele yetu, ikabidi tupige makasia hadi pwani. Tulipoifungua tulikuta pistoni ya juu imekwaruzika upande wa ekzosi, yaani wa kutolea moshi, na ringi zake, zile pete zinazoizunguka, zimegandamana ndani ya mifereji, ilhali ya chini ilikuwa nzima kabisa. Fundi alinunua pistoni, akaifunga, mashine ikawaka kwa mvuto wa pili, nami nikamshukuru Mungu. Siku ya nne ilinoki tena, pistoni ileile ya juu, upande uleule.

Mara hiyo tulikaa chini tukafikiri. Kama oili ndiyo iliyokuwa imepungua, pistoni zote mbili zingeumia, kwa kuwa zinapata mchanganyiko mmoja kutoka kabureta moja. Maji ya kupozea yalikuwa yanatoka nyuma kwa nguvu kama kawaida, na hilo ndilo lililokuwa limetupoteza, kwa sababu tulipofungua mfuniko wa njia za maji ubavuni mwa bloku tulikuta chumvi imeganda kama ukoko wa chungu kuzunguka silinda ya juu. Maji yalikuwa yanapita pembeni na kutoka nje bila kuipoza silinda hiyo. Tulikwangua chumvi yote, tukabadilisha gasketi, tukafunga pistoni ya tatu, na hiyo ndiyo ninayovulia mpaka leo. Kila nikirudi pwani naiwasha mashine ndani ya pipa la maji matamu kwa dakika kumi kabla ya kuifunika.

Fundi wa boti, Deep Sea

Wa alaykum salaam, kaka. Umesema kweli tupu, na mimi nitaongezea upande wa kazi yenyewe. Pistoni iliyokufa ni shahidi, kwa hiyo mteja wangu simruhusu aitupe kabla sijaitazama kwenye mwanga. Mikwaruzo ikiizunguka pande zote, mara nyingi oili imekosekana. Ikiwa upande wa ekzosi peke yake, natafuta joto la kupita kiasi au mchanganyiko uliokosa petroli ya kutosha kwa hewa inayoingia. Ikiwa katika pembe nne, naamini mwenye mashine aliiwasha ikiwa baridi akaondoka kwa kasi papo hapo, ama nafasi kati ya pistoni na silinda ilikuwa ndogo mno.

Nitasimulia kosa langu, maana liliniuma. Nilikuwa nafunga pistoni katika mashine ya silinda mbili, na klipu za zamani zinazoshika pini ya pistoni zilionekana nzima, hivyo nikazirudisha ili kumpunguzia mwenye boti gharama. Baada ya wiki kadhaa klipu moja iliruka, pini ikasogea na kuchimba mfereji katika ukuta wa silinda tangu juu hadi chini. Bloku lile halikufaa tena hata kwa kuchongwa. Klipu ikishatolewa imekwisha uhai wake, na ninapofunga mpya naupeleka mdomo wake juu au chini, kamwe si kwenye lile pengo lililoachwa kwa ajili ya kuichomolea.

Kwa ringi, mashine hizi zina vijipini ndani ya mifereji, na ncha za ringi ni lazima zikumbatie kijipini chake, kwa sababu ringi ikizunguka ncha yake itanasa kwenye tundu la silinda na kuvunjika. Mshale ulio juu ya pistoni huelekezwa upande wa ekzosi. Baadhi ya mashine za boti, ambazo silinda zake zimelala, huwa na herufi UP badala ya mshale, nazo huelekezwa upande wa flaiwili, lile gurudumu zito la krenki. Pistoni ikishaingia, naibonyeza kila ringi taratibu kupitia tundu la ekzosi kwa bisibisi butu. Ikinepa na kurudi, iko salama. Ikiwa ngumu kama jiwe, imevunjika au imetoka kwenye kijipini, na hapo nafungua upya hata kama mwenye boti ameshasimama mlangoni na dumu lake.

Kijana anayejifunza, Ngamiani

Shikamooni wazee wangu. Mimi nina swali kuliko kisa. Dukani pistoni ya stendadi, yaani ya kipimo cha kiwandani, haipo, nikaambiwa nichukue ya ovasaizi 0.25, iliyo kubwa kidogo, na kuisugua kwa msasa mpaka iingie. Je, inafaa?

Fundi wa boti, Deep Sea

Marahaba, mwanangu. Usifanye hivyo hata kidogo. Pistoni haikutengenezwa mviringo kamili. Ina umbo ambalo jicho halilioni, na msasa utaliharibu. Pistoni ya ovasaizi 0.25 inadai silinda ichongwe iwe pana kwa milimita 0.25 zaidi ya ile ya mwanzo. Mpelekee mkerezaji bloku pamoja na pistoni yenyewe, achonge kwa kuifuata pistoni hiyo, naye apime silinda juu, katikati na chini, kwa pande mbili zinazokingamana, maana silinda iliyochakaa huwa na umbo la yai.

Kisha wewe mwenyewe pima ringi. Iingize peke yake ndani ya silinda, isukume kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, halafu upime pengo la ncha zake kwa fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi, na ulilinganishe na kitabu cha mashine hiyo. Wengi wetu huiruka hatua hii, na inanisikitisha, kwani haimalizi hata dakika tano.

Mkulima wa korosho, Mkinga

Changu ni kisa cha bomba la injini la kupulizia dawa mikorosho, silinda moja. Pistoni ilibadilishwa, lakini mashine ikawa inapandisha mzunguko yenyewe bila kuguswa, ikipata joto upesi. Fundi alitaka kufungua silinda tena, nami nikamwomba kwanza aangalie sili za krenki, zile pete za mpira zinazozuia hewa kwenye ncha za mhimili. Sili ya upande wa flaiwili ilikuwa imekauka na kupasuka, hewa inaingia hapo, na petroli inapopungua kwa kulinganisha na hewa, oili iliyomo ndani yake nayo inapungua. Hakika hiyo ndiyo iliyoua pistoni ya kwanza.

Kwa wenye mashine za aina yangu, ambazo silinda huchomolewa na krenki kubaki mahali pake, zibeni mdomo wa krenki kwa kitambaa safi kabla hamjagusa klipu. Yetu ilidondokea ndani, tukaitafuta kwa sumaku hadi jua likazama. Pia ulizeni kwanza kama silinda imepakwa koti gumu ndani, kwani za namna hiyo hazichongwi; aluminiamu iliyoganda husuguliwa kwa upole sana, na koti likishatoboka silinda hubadilishwa.

Nahodha, Kigombe

Mimi nitasema juu ya siku za mwanzo. Kitabu cha mashine yangu kinataka sehemu 25 za petroli kwa 1 ya oili katika saa 10 za kwanza, kisha 50 kwa 1. Kwa dumu la lita 20 hiyo ni mililita 800 za oili, halafu 400. Mabaharia wangu walilalamika kuhusu moshi, na nikawaeleza kwamba ringi mpya na ukuta mpya wa silinda bado havijazoeana.

Saa ya kwanza niliiendesha polepole ndani ya maji tulivu, na baada ya hapo sikuvuka nusu ya mwendo, huku nikibadilisha kasi kila baada ya muda mfupi. Kusi lilikuwa limeanza, kwa hiyo tulipandisha tanga kila tulipoweza na mashine ikapumzika. Saa 10 zilipotimia nilikaza upya nati za silinda hedi, yaani mfuniko wa silinda, kwa kukingamanisha, mashine ikiwa imepoa, nikachomoa plagi zote mbili, nazo zilikuwa na rangi ya kahawia ya aina moja.