Corolla 110 ya gia za mkono: gia ya tano inachomoka, boksi inalia. Nifungue au ninunue nyingine?

VitunguuRuaha:

Wakuu habari za mihangaiko. Nina Corolla 110 ya mwaka 1997, injini 5A, gia za mkono. Niko Iringa na gari hili ndilo linalonilisha: nashuka nalo Kitonga hadi Ruaha Mbuyuni kufuata vitunguu, napandisha nalo likiwa limejaa mpaka siti ya nyuma. Msinishauri niuze, nimeshaambiwa na shemeji zangu wote.

Gia ya tano inachomoka. Nikikanyaga mafuta inakaa vizuri, nikiachia tu, mfano naingia Mikumi kwenye yale matuta, mkono wa gia unaruka pa! uko fri, gari linateleza lenyewe. Halafu gia ya pili inakwaruza asubuhi, na mnaijua asubuhi ya Iringa mwezi wa saba. Ikishapata moto inaingia, ila kwa kubembelezwa. Na gari likiwa limesimama, injini inawaka, gia iko fri, kuna mlio ngwiiii kama mashine ya kusaga ya mtaa wa pili. Nikikanyaga klachi mlio unakata. Nikiachia, unarudi.

Fundi wangu alisikiliza kidogo tu akasema, "Dada, boksi imekufa, lete laki tano nikuagizie used ya Japani kutoka Dar." Mwingine kasema nimwage oili niweke ya 140, eti itatulia. Laki tano naweza kuitafuta. Ninachokataa ni kununua mbuzi kwenye gunia. Aliyewahi kufungua boksi ya hizi gari aniambie, inatengenezeka?

Bonge_la_Moro:

Nunua used dada yangu, funga, songa mbele. Boksi ikishafunguliwa hairudi ilivyokuwa. Nimeona watu wamefungua boksi zikaisha na nati tatu mkononi.

FundiGerezani:

Dada VitunguuRuaha, umeeleza vizuri kuliko wateja wangu wengi, wao hufika wanasema "inasumbua" basi. Nijibu kwa mpangilio wangu.

Huo mlio unaokata ukikanyaga klachi ni beringi ya shafti inayotoka kwenye klachi kuingia ndani ya boksi. Ukikanyaga, shafti inasimama, beringi inanyamaza. Ingekuwa beringi ya klachi yenyewe, mambo yangekuwa kinyume: kimya ukiachia, kelele ukikanyaga. Kwa hiyo hapo hakuna ubishi, boksi itashuka. Lakini kushuka siyo kufa.

Gia ya tano kwenye boksi yako, ambayo ni C50, haiko ndani pamoja na wenzake. Iko pembeni kabisa, upande wa tairi la mbele la kushoto, imefunikwa na kifuniko chake cha bati. Hata bila kushusha boksi unaifikia: unatoa tairi, unaweka jeki chini ya boksi, unatoa maunti ya kushoto (kishikio chenye raba kinachobeba boksi), unafungua kifuniko, gia hiyo hapo. Kinachoisha ni meno ya ile slivu inayoteleza na uma unaoisukuma. Ukiangalia meno ya slivu mpya yamechongwa ncha kali na ubavu wake umelala kidogo kwa ndani ili yashikane. Ya kwako nadhani yatakuwa yamekuwa mviringo. Hapo mafuta yakiachiwa, mzigo unageuka upande wa pili, yanateleza. Usibadili slivu peke yake ukaacha gia yenye meno yaliyolika, utarudi palepale. Na kabla ya yote muulize fundi wako kama amezitazama maunti za injini na zile kebo mbili za gia. Maunti ikikatika injini inacheza, inavuta kebo, gia ya tano inatoka bila kosa lolote la boksi. Nimeshawahi kuletewa boksi mezani, tayari imeshashushwa, na tatizo lilikuwa maunti.

Gia ya pili ni ringi ya sinkronaiza, ile ya shaba inayolinganisha mwendo ili gia iingie bila kukwaruza. Lakini usiihukumu kabla ya kupima klachi. Washa gari, kanyaga klachi mpaka chini, subiri kidogo bila kuachia, kisha ingiza rivasi. Ikiingia kimya klachi inakata vizuri. Ikikwaruza, klachi haiachii, na hapo unaanza na silinda za klachi, ya juu na ya chini, kabla hujagusa boksi.

Oili ya 140 achana nayo. Ringi ya sinkronaiza inafanya kazi kwa kukwangua oili ili ishike koni ya gia. Oili nzito kwenye baridi ya kwenu haikwanguki haraka, gia ya pili itazidi kukwaruza. Weka 75W-90, ni kama lita mbili, jaza mpaka ichungulie kwenye tundu la kujazia.

Sasa used. Corolla 110 zilianza kutoka mwaka 1995 na Japani walishaacha kuziunda miaka mingi. Boksi utakayouziwa ni rika moja na ya kwako, na hujui ilibebeshwa nini. Za mkono zenyewe zimekuwa adimu kwa sababu gari nyingi za kule ni otomatiki. Mimi used nachukua pale tu gia zenyewe zimevunjika meno au kasha limepasuka.

MekWaLikoni:

Nakubaliana na fundi, mimi niko Mombasa. Hapa kwetu 110 bado ni nyingi. Kama itabidi ununue, soma kile kibao kilicho ndani ya boneti, mahali palipoandikwa TRANS/AXLE, uone C50. Usikubali ya Corolla yenye injini 2E au 4E, bolti zake hazilingani na 5A. Na uikague kwa mkono wako: zungusha shafti, itikise juu chini, ingiza gia zote moja moja. Fungua bolti ya kumwagia oili. Ukungu wa rangi ya dhahabu kwenye oili ni shaba ya ringi, huo ni wa kawaida. Vipande vya chuma kwenye sumaku, rudisha. Tena nusa na upapase: kuna wajanja hutia unga wa mbao ndani ya boksi ili isilie mbele ya mteja.

VitunguuRuaha:

Asanteni sana. Nimefanya ile ya rivasi, imeingia kimya kabisa. Maunti ya kushoto imechanika raba lakini haijaachana. Tumemwaga oili mbele yangu: nyeusi, ina ukungu wa dhahabu, kwenye sumaku kuna uji mweusi laini, hakuna kipande. Fundi wangu ameanza kulegea, anasema yuko tayari kufungua nikileta spea. Je, nikusanye nini ili asinitume dukani kila saa? Na wewe Bonge, hizo nati tatu zilikuwa za gari gani?

Bonge_la_Moro:

Za kwangu 😂

FundiGerezani:

Uji laini ni dalili njema, gia zako zina uhai. Beringi usinunue kabla ya kufungua. Azitoe, nambari zimeandikwa ubavuni, uende na nambari kwenye duka la beringi, siyo duka la spea za Toyota, utaona tofauti ya bei. Ringi za gia ya kwanza, ya pili na ya tatu chukua zote, maana boksi itakuwa imeshafunguliwa. Seti ya gia ya tano, slivu na uma wake. Sili zote, pamoja na ile ya nyuma ya injini inayokaa nyuma ya flaiwili, kwa sababu hapo ndipo pekee unapoifikia bila gharama nyingine. Pleti ya klachi na beringi yake, ukiweza na presha, lile bamba linaloibana pleti. Maunti hiyo ya kushoto usiirudishe.

Beringi za difu zikiwa nzima azirudishe na shimu zake zilezile (vile vibati vyembamba vya kupima nafasi), upande uleule. Azifunge kamba na kuziandika. Na nati ya gia ya tano inagongwa ncha ikikazwa ili isijifungue. Mwambie aweke mpya na aigonge mbele yako, na ili ashike shafti isizunguke aingize gia mbili kwa pamoja, asikaze na patasi kwenye meno. Usilibebeshe vitunguu wiki mbili za mwanzo, kisha mwage oili hiyo uweke nyingine.